Anza na kuanguka: jibu kwa dada wa Kurasini

Dada yangu,

Barua yako ilikuwa ndefu, na kwa faida ya wasomaji wengine naifupisha. Una miaka 36, watoto wawili, na kwa miezi minane sasa unaongoza watu tisa katika ofisi ya uwakala wa forodha pale Kurasini. Kazini waliwapeleka semina ya uongozi ya siku mbili, mwezeshaji akazungumzia samurai, wale wapiganaji wa kale wa Japani, akawagawia karatasi yenye maadili saba ya kukariri. Ulitoka umehamasika, wiki ya pili ile karatasi ikawa ya kufunikia kikombe cha chai. Sasa unauliza mambo matatu. Je, sanaa za Kijapani zinaweza kweli kumjenga mtu kimaisha na kikazi, au ni maneno ya semina? Kama zinaweza, uanze na ipi kati ya karate, judo, aikido, au hata ile sherehe yao ya chai? Na kwa mgongo wako unaokusumbua tangu uzazi wa pili, hujachelewa? Ukaongeza, kwa ukweli ulionifurahisha, kwamba una kasoro mbili unazozijua: ukikosolewa mbele za watu unawaka, na unaanza mambo mengi usiyoyamaliza.

Nitazishika hizo kasoro mbili kuliko maswali yenyewe, maana mtu anayejua panapomuuma ni rahisi kumfundisha.

Jibu fupi ni ndiyo, zinajenga, ila si kwa njia ya semina. Zinajenga kupitia mwili, kwa kurudia, mbele ya mtu anayekusahihisha. Na hata hapo, kilichojengwa kwenye mkeka wa mazoezi hakihami chenyewe kwenda ofisini. Huu ni mwaka wangu wa 22 nafundisha judo, na mchana mimi ni mkaguzi wa hesabu, kwa hiyo pande zote mbili nazijua. Nawafahamu watu wenye mkanda mweusi wasiolipa madeni. Namfahamu mmoja ambaye wafanyakazi wake wakisikia viatu vyake kwenye korido wanatawanyika. Kwenye mkeka ni malaika.

Ile karatasi tuiweke pembeni kabisa. Orodha ya namna hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na kitabu cha Nitobe Inazo kilichotoka 1900. Nitobe alikuwa msomi wa kilimo na uchumi, Mkristo wa madhehebu ya Marafiki (Quaker), na alikiandika kwa Kiingereza akiwa Marekani, kuwaeleza watu wa Magharibi maadili ya nchi yake. Wakati huo samurai walikuwa wameshapigwa marufuku kubeba panga tangu 1876. Sisemi alidanganya. Nasema alikuwa anawaeleza wageni kwao kukoje, na hilo ni tofauti na kumfundisha mtu. Hakuna aliyepata ushujaa kwa kukariri neno "ushujaa".

Tena jambo la Kijapani lililoshika hapa kwetu halikuja kama hotuba. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza utaratibu wa 5S kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, na yale maneno matano ya Kijapani yakapata Kiswahili chake kinachoanza na S vilevile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ukiingia wodi inayoufuata utaratibu huo vizuri husomewi maadili. Unakuta droo yenye lebo, na mkasi uko pale lebo inaposema uko.

Sasa tuje kwenye mkeka.

Jioni yako ya kwanza ya judo hutamwangusha mtu yeyote. Utaanguka wewe. Unachuchumaa, unakunja mikono mbele ya kifua, unaingiza kidevu ndani kana kwamba unalitazama fundo la mkanda wako, halafu unajiachia nyuma. Mgongo unaviringika kama pipa, na pale unapotua, mikono yote miwili inaupiga mkeka kwa pamoja, viganja chini, mbali kidogo na mbavu. Paa! Kisogo hakigusi. Unarudi kuchuchumaa, unarudia. Mara ishirini. Kisha upande wa kulia, upande wa kushoto, na baada ya wiki kadhaa, kutoka kusimama. Wajapani wanaiita ukemi, na ukilipasua neno lenyewe unapata "mwili unaopokea".

Wageni huuliza kwa nini tunaupiga mkeka, kama vile tumeukasirikia. Ni hesabu tu. Anguko lina nguvu yake, na nguvu hiyo lazima iende mahali. Ukiitandaza kwenye mkono mzima, bega na ubavu, kila sehemu inachukua kidogo. Ukiipeleka sehemu moja, sehemu hiyo inalipa peke yake. Mtu asiyefundishwa, akihisi miguu inaondoka, ananyoosha mkono nyuma ajizuie. Ni silika, hata mtoto anafanya hivyo. Uzito wote unatua kwenye kiganja kimoja, unapanda kifundo, kiwiko, mpaka mtulinga, na hapo ndipo mifupa inapovunjika. Katika miaka yote hii, walioumia vibaya mbele yangu karibu wote ni watu waliokataa kuanguka.

Ngoja nikupe aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa na mkanda wa kahawia tayari, nikijiona mtu. Katika kikao kimoja cha kupitia hesabu, kijana ambaye hata ndevu hazijamkaa vizuri alionyesha kwamba jedwali langu la uchakavu wa magari lilitumia kiwango kisicho sahihi. Mbele ya watu kumi na mmoja. Nilibishana naye karibu dakika arobaini. Nikatafuta waraka wa zamani, nikasema mteja ndiye aliyetaka vile, nikageuza mazungumzo yawe ya adabu ya vijana wa siku hizi. Kijana alikuwa sahihi, na kila mtu mezani alikuwa anajua kwamba yuko sahihi, nikiwemo mimi. Kosa lenyewe lingenigharimu sentensi mbili. Ubishi ulinigharimu miaka miwili ya kutoitwa kwenye kazi kubwa.

Jioni ile nikaenda dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, nikaanguka mara hamsini bila hata kukwaruzika. Tulipokuwa tunakunja nguo nikamsimulia mwalimu wangu, mzee wa Mombasa ambaye maneno yake ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Akamaliza kukunja suruali yake, akasema, "Kumbe ofisini bado unanyoosha mkono."

Ndiyo maana nakwambia ujuzi hauhami wenyewe. Mwili wangu ulijua kupokea sakafu, lakini ulimi wangu haukuwahi kufundishwa kupokea kosa. Ilibidi niufanyie mazoezi yake, na ndiyo nitakayokupa. Ukikosolewa mbele za watu, cha kwanza ni kidevu: funga mdomo, toa pumzi yote nje, usijibu. Cha pili, piga mkeka: litamke kosa kwa maneno yako mwenyewe na kwa sauti inayosikika. "Unasema nyaraka zilikwenda na msimbo wa bidhaa usio sahihi, na mteja akatozwa zaidi." Liandike hapohapo, waone unaandika. Cha tatu, inuka kwa swali moja tu lenye faida: "Ni mzigo huu peke yake, au kuna mingine?" Utetezi, kama upo, peleka kesho asubuhi, kwa maandishi. Utashangaa ni mara ngapi kesho asubuhi huna haja nao.

Lakini usisubiri bosi akuwakie ndipo ujaribu. Hakuna anayejifunza ukemi akiwa hewani. Mtafute mwenzako mmoja unayemwamini, Jumatatu asubuhi kabla simu hazijaanza, akukosoe kwa dakika tano jambo la kweli, nawe ufanye hizo hatua tatu. Wiki za kwanza mtacheka. Chekeni, mradi mrudie.

Hilo la kurudia linanipeleka kwenye kasoro yako ya pili, na hapa nina maneno mengi zaidi.

Wewe na mimi tumesoma alifu kwa kijiti kwenye chuo cha Kurani. Hakuna maalimu aliyetueleza kwanza maana ya herufi. Tuliimba, tukakatwa jicho, tukaimba tena, na siku moja tukakuta tunasoma. Fundi wa majahazi naye hamwelezi mwanagenzi nadharia ya ubao, anampa kazi ya kuziba nyufa kwa pamba mpaka mkono ujue. Kata za Kijapani ni elimu ya namna hiyohiyo: mfuatano wa miondoko uliopangwa, unaourudia bila kuongeza lako. Washauri wa biashara wanapenda kuitaja njia hii kwa maneno matatu, shu, ha, ri, yaani kushika kanuni, kuivunja, kuiacha. Wengi wanaigeuza ratiba: miezi sita ushike, mwaka wa pili uvunje, wa tatu uwe huru. Lakini shairi la wakuu wa sherehe ya chai ambalo maneno hayo hunasibishwa nalo, linalotajwa kuwa la Sen no Rikyu aliyefariki 1591, lina agizo ambalo semina hulikata: hata ukivunja, hata ukiacha, asili usiisahau.

Mfano wake mzuri kuliko yote ni Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo. Alizaliwa 1860, akawa mfupi, mwepesi, msomaji, na shuleni wakubwa walimwonea. Mwaka 1877 akaanza kujifunza jujutsu, mieleka ya zamani ya Kijapani, kwa mwalimu Fukuda Hachinosuke. Kano mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alimuuliza Fukuda mbinu fulani inafanywaje, mkono uende wapi, mguu uende wapi. Fukuda akamwangusha. Akauliza tena, akaangushwa tena. Hilo ndilo lililokuwa somo.

Ukiishia hapo utasema Wajapani hawataki maswali. Subiri. Dojo hiyohiyo ilikuwa na jamaa mmoja mnene, Fukushima, ambaye Kano alishindwa kumng'oa kwa mbinu zote alizofundishwa. Kano akaenda maktaba. Akasoma vitabu vya mieleka ya Kimagharibi, akakuta namna ya kumwingia mtu chini, kumbeba mabegani kama gunia la mkaa na kumtupa. Akaifanyia mazoezi kimyakimya, akarudi, akambeba Fukushima. Leo mbinu hiyo inaitwa kataguruma na imo ndani ya judo. Ile ni kuvunja kanuni. Lakini aliyeivunja alikuwa mtu aliyekwisha kuangushwa na Fukuda mara zisizohesabika, aliyejua hasa kwa nini mbinu za zamani hazikufika. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, akafungua Kodokan, shule yake ya judo, ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo, kwenye chumba cha mikeka 12.

Wewe, kwa jinsi ulivyoniandikia, umekuwa unavunja kabla ya kushika. Umetaja daftari jipya la ufuatiliaji mwezi wa tatu, kundi la simu mwezi wa tano, kikao cha kusimama mwezi wa saba. Sidhani kama wewe ni mvivu. Nadhani unaichukia sehemu ya katikati, pale jambo linapokuwa si jipya tena na bado halijawa jepesi. Judo ina zoezi la sehemu hiyo hasa, linaitwa uchikomi: unaingia kwenye mbinu mpaka pale mwenzako anapoyumba, halafu humtupi. Unarudi, unaingia tena. Mara mia. Ishirini za kwanza una nguvu. Kuanzia arobaini mapaja yanawaka na akili inaomba ruhusa. Kwenye sabini hivi mwili, kwa uchovu tu, unaacha kutumia nguvu usizozihitaji: bega linashuka, mguu uliokuwa unachelewa unawahi. Mwalimu akikuona hapo anaitikia kidogo kwa kichwa. Mtu anayeacha kwenye thelathini kila siku, hata akija miaka kumi, hatapaona mahali hapo.

Kwa hiyo chagua kata moja ya ofisini. Moja. Mathalani, saa mbili na robo kila asubuhi mnapitia majalada ya mizigo iliyo bandarini, kwa mpangilio uleule: meli, tarehe ya kushusha, siku zilizobaki, nani anashughulikia. Kwa siku tisini usiiboreshe. Ukiona kasoro, iandike nyuma ya daftari, na usiiguse. Siku ya tisini na moja fungua nyuma ya daftari. Nusu ya ulichoandika utakifuta mwenyewe, na nusu iliyobaki itakuwa maboresho ya kweli.

Hapa kuna neno jingine linalopotoshwa, nalo linakuhusu kwa kuwa umepandishwa cheo majuzi. Wanasema Wajapani wana shoshin, "moyo wa mwanafunzi", na wanalifasiri kuwa ni ule uchangamfu wa siku ya kwanza. Aliyelikazia neno hilo ni Zeami, bingwa wa Noh, tamthilia ya kale ya Kijapani, katika maandishi yake ya 1424, na hakuwa anazungumzia uchangamfu. Alikuwa anawaambia waigizaji wasisahau walivyokuwa wabovu mwanzoni, kwa sababu anayesahau ubovu wake wa mwanzo anarudi kule bila kujua. Akaongeza kwamba kila umri una uanagenzi wake, hata uzee. Ndiyo hali yako. Ulikuwa karani hodari wa nyaraka. Kama kiongozi una miezi minane, ni mwanagenzi. Kuwaka kwako unapokosolewa nadhani kunatoka hapo: unakosolewa kwenye kazi mpya, unajitetea kwa sifa za kazi ya zamani.

Kumaliza mambo nako kuna somo lake, na hilo sikulipata kwenye judo, nililipata kwenye kendo, mchezo wa upanga wa mianzi. Katika kendo unaweza kupiga pigo safi kichwani, bendera za waamuzi zikapanda, halafu pointi ikafutwa. Imefutwa kwa nini? Kwa sababu baada ya kupiga ulirusha ngumi hewani kushangilia. Pigo linahesabika pale tu unapobaki tayari baada yake: umempita mpinzani, umegeuka, upanga uko mbele, macho yako kwake. Hali hiyo inaitwa zanshin, moyo unaobaki. Kyudo, sanaa ya upinde, imeiweka kuwa hatua ya nane na ya mwisho ya kurusha mshale. Mshale umeshaondoka kwenda shabaha ya sentimita 36 iliyo mita 28 mbele, na mrushaji bado amesimama mikono imetanuka, kana kwamba hajarusha.

Kwenye kazi yako naijua zanshin kwa jina la kontena tupu. Mzigo umetoka bandarini, mteja amefurahi, ofisi nzima imepumua, jalada limetupwa kabatini. Kontena liko kwenye ua wa mteja Tabata, limeshapakuliwa, na siku za kulirudisha zinahesabika. Hakuna anayelifuatilia kwa kuwa vichwani mwenu kazi iliisha getini. Wiki tatu baadaye inakuja ankara ya kuchelewesha, kwa dola, na amana ya mteja imeshikiliwa. Nimekagua vitabu vya ofisi za aina yako. Hiyo ndiyo mistari inayokula faida. Basi badilisheni tafsiri ya "imeisha". Jalada lisifungwe mpaka stakabadhi ya kurudisha kontena tupu iwe ndani na amana iwe imerudi. Na siku mzigo mgumu unapotoka, badala ya soda kwanza, dakika kumi za kukaa na jalada: nini kimebaki, nani anacho, tarehe ngapi. Soda baadaye. (Soda ziwepo, mimi si mtawa.)

La watu wako tisa nitalipitia haraka. Kano alikuwa mwalimu wa shule kuliko alivyokuwa mpiganaji. Aliongoza chuo cha walimu cha Tokyo kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 1922 aliifunga falsafa yake katika kanuni mbili, kutumia nguvu kwa namna bora na kustawi pamoja na mwenzako. Ile ya pili inasikika kama kaulimbiu ya ushirika wa kuweka na kukopa. Kwenye mkeka ni jambo la kawaida kabisa: huwezi kufanya judo peke yako. Yule unayemtupa amekuazima mwili wake. Ukimvunja leo, kesho huna wa kufanya naye mazoezi, na wengine wanaanza kukukwepa wakati wa kupanga jozi. Unapomtupa asiyejua, unashikilia mkono wa gi yake, ile nguo ya mazoezi, mpaka atue, ili ubavu ufike kabla ya kichwa. Fikiria hilo siku ya kumsahihisha kijana wako aliyekosea nyaraka. Kumtupa utamtupa, ni kazi yako. Mkono usiuachie.

Sasa, uanze na ipi? Mimi ni mtu wa judo, kwa hiyo nisikilize kwa tahadhari. Kwa hasira zako, karate ina dawa nzuri. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo 1922, aliwafundisha wanafunzi kwamba katika karate hakuna shambulio la kwanza, na kata za mtindo wake kwa kawaida huanza kwa kinga. Tena karate ndiyo utakayoipata karibu. Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, ina mizizi Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, pale shule ya Zanaki. Judo imeshika zaidi Zanzibar, ambako Mjapani aliyehamia amekuwa akiifundisha tangu miaka ya 1990, lakini klabu za bara zipo. Aikido ni nzuri kwa umri wowote, ila usidanganyike na upole wake, kuanguka kumo vilevile. Kendo na kyudo kwa hapa kwetu ni kazi kupata mwalimu na vifaa.

Chai usiicheke. Mlango wa wageni wa chumba cha chai cha mtindo wa Rikyu una kimo cha takribani sentimita 66. Bwana mkubwa alikuwa anaacha upanga nje, anapiga magoti, anaingia kwa kutambaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wao wameijengea methali hiyo nyumba. Ukipata mwaliko wowote wa kuionja, nenda, hata mara moja.

Mgongo: umwone kwanza mtaalamu wa viungo hospitalini, mwambie wazi unataka kujifunza kuanguka, umwonyeshe kwa vitendo ni anguko la namna gani. Akikukatalia, karate bila kupigana, kata tu, inatosha sana. Akikuruhusu, mwambie mwalimu siku ya kwanza, na ubaki kwenye maanguko ya kuchuchumaa kwa miezi miwili hata wenzako wakisonga mbele. Nimewahi kumpokea mama wa miaka 51. Alichelewa kuliko vijana kwa kila kitu isipokuwa kusikiliza.

Kuliko sanaa, chagua mwalimu. Nenda ukae pembeni siku mbili bila kuvaa chochote cha mazoezi. Angalia wanaoanza wanashikwaje. Angalia mwanafunzi akisema "inauma" nini kinatokea. Muulize mwalimu na yeye nani anamsahihisha siku hizi. Akicheka swali, ondoka. Na heshima isikuzibe macho. Japani kwenyewe, mapema 2013, kocha wa timu ya taifa ya judo ya wanawake alijiuzulu baada ya wanajudo 15 kulalamika kwamba walikuwa wanapigwa na kutukanwa mazoezini. Hao walikuwa wanainama na kusema "sensei", yaani mwalimu, kila siku. Anayekupiga kwa jina la nidhamu amefeli kazi, awe na dani ngapi, yaani daraja ngapi za mkanda mweusi.

Muda? Mara mbili kwa wiki. Miezi mitatu ya kwanza utaona maumivu tu na usingizi mzuri. Mkanda mweusi usiufikirie. Kwangu mtu wa mara mbili kwa wiki huchukua miaka mitano au zaidi, na dani ya kwanza jina lake, shodan, maana yake ni daraja la mwanzo.

Siku ya kwanza kata kucha za mikono na miguu, vua hereni na pete, funga nywele kwa mpira usio na chuma. Njoo na kandambili za kutembelea nje ya mkeka, na fulana ndefu ya kuvaa ndani ya gi. Gi usinunue bado, watakuazima. Fika dakika kumi kabla, maana mikeka tunatandika wote, wageni na wenye mikanda myeusi.